Mama wa Juu Hashuki

Kwa mwaka mzima Mama wa Juu aliogopa jambo moja kuliko yote, nalo ni kumuua shemeji yake.

Ugomvi hawakuwa nao. Mwanamke huyu aliendesha kreni kwenye jengo la ghorofa lililokuwa likipanda katikati ya mji, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyesimama chini na redio ya mkononi akimwelekeza mzigo uende wapi. Yeye alimwita shemeji, naye akamwita shemeji, na kwa kuwa redio husikiwa na kila aliyenayo, saiti nzima ikasahau jina la yule bwana. Hata msimamizi, mtu mzito asiyecheka na mtu, alimwita Shemeji, kana kwamba naye ameoa kwenye ukoo ule. Mama alipata jina lake kwa urahisi huohuo. Alikuwa juu. Basi.

Alianza kazi za ujenzi akiwa msichana, akibeba kokoto kichwani. Akapanda kidogo kidogo, akajifunza kreni kwa mzee mmoja mkali aliyekuwa akimpiga vidole kwa rula kila alipovuta kishikio kwa pupa, na alipokaa kwenye kile kiti hakukiachia tena. Alikuwa na mkono mwepesi kupita kiasi. Mafundi walisema anaweza kutua tofali juu ya yai, na mafundi, kama mjuavyo, hawasifii mtu bila kulazimishwa. Lakini sifa aliyoipenda zaidi ilikuwa nyingine: Mama wa Juu hashuki. Akipanda asubuhi, mtamwona saa ya chakula. Akipanda mchana, mtamwona jioni. Msimamizi aliwasimulia waajiriwa wapya habari hiyo kama anayeonyesha mali yake.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa kreni wanalijua na hawalisemi, nami sioni sababu ya kulizunguka. Waendesha kreni wanaume hupanda na chupa mbili, moja ya maji ya kunywa na moja tupu. Ile tupu hairudi chini tupu. Mwanamke chupa haimfai. Dawa ya Mama wa Juu ikawa kutokunywa. Asubuhi alikaa mezani akimtazama mumewe anavyopuliza chai, yeye midomo imemkauka, na huko juu alibana. Alibana wakati wa jua na wakati wa mvua, alibana miaka yote ya ujana wake na ya utu uzima wake, na mwili ukamtii bila kunung'unika. Ndiyo maana alidhani ataendelea kutiiwa.

Hedhi ilipokoma, alifurahi kimoyomoyo. Mzigo mmoja wa kupanda nao ngazi ulikuwa umepungua. Furaha haikudumu. Kwanza ukaja ukavu, na kuwashwa, kisha haja ndogo ikaanza kuja bila hodi: sasa hivi hana habari nayo, sasa hivi imesimama mlangoni inagombeza. Kisha yakaja maumivu. Yalikaa chini ya kitovu na kuzunguka hadi mgongoni, na mumewe alipomsogelea kitandani yalikuwa makali mno hata akajifunza kulala fofofo mara tu asikiapo mlango unafungwa. Mumewe alikuwa fundi wa redio, mpole, mwenye masikio yanayosikia mkwaruzo mdogo kabisa. Usingizi ule wa uongo aliusikia.

"Nimekukosea nini?" alimuuliza siku moja.

"Hujanikosea. Nimechoka tu."

Hakumuuliza tena, na hilo likamuuma mkewe zaidi ya kuulizwa.

Jirani yake, ambaye ana ushauri wa kila ugonjwa na wa mifugo pia, alimwambia kwamba mwanamke akifika umri huo huko chini hulegea, kwa hiyo kila akikumbuka, akaze. Mama wa Juu akakumbuka sana. Alikaza kwenye kiti cha kreni, alikaza akiosha vyombo, na asubuhi aliamka mataya yakiuma kwa kuwa hata usingizini alikuwa anakaza. Kadiri alivyokaza ndivyo alivyozidi kuumwa, na kadiri alivyoumwa ndivyo alivyozidi kuogopa, na mtu aliyeogopa afanye nini zaidi ya kukaza?

Ndipo ikaja siku ya nondo.

Alikuwa anapitisha furushi la nondo juu ya uwanja, Shemeji yuko chini akimwita, "Njoo, njoo, pole pole, njoo." Haja ikampanda ghafla na maumivu nayo. Akabana kwa mwili mzima kama alivyozoea, tumbo, mabega, meno, na ule mkono wake uliosifiwa ukabana pamoja na vyote. Kishikio kikavutika. Furushi likayumba, likashuka upande mmoja, na ncha za nondo zikapita pale aliposimama Shemeji. Alimwona akijirusha nyuma ya lundo la tofali. Kofia yake ya plastiki ilibingirika peke yake uwanjani, na kwa kitambo Mama wa Juu hakujua kama kichwa kimebaki na mwenyewe.

Redio ilikuwa kimya. Kisha sauti ya Shemeji ikasema, ikihema, "Upepo huo, shemeji. Umekuja vibaya."

Kitambaa kilichofungwa kwenye kreni kupima upepo kilikuwa kimelala kama nguo iliyoanuliwa. Shemeji alikuwa anakiona, naye pia. Alisema vile kwa sababu msimamizi alikuwa anasikiliza.

Jioni Mama wa Juu alimkuta Shemeji chini ya ngazi anamsubiri, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, "kama unataka mirathi ya ukoo wetu, anza na kaka. Mimi sina kitu."

Alicheka. Mama wa Juu hakuweza.

"Sema kuna nini," Shemeji akasema, na sasa hacheki. "Mimi ndiye ninayesimama chini ya hiyo ndoano."

"Ni usingizi. Nilikosa usingizi."

"Basi kalale."

Hakulala. Alijua kwamba akisema ukweli, msimamizi atamtoa kwenye kile kiti, na kwamba asipousema, ipo siku nondo zitamkuta mtu. Yote mawili yalimtisha, akazunguka nayo wiki nzima. Kila mzigo uliopita juu ya kichwa cha mtu aliupitisha akiwa amezuia pumzi.

Mwishowe akaenda hospitali, akiwa ameshajihukumu kwamba ni saratani. Daktari alimpima kila kinachopimwa na kumwambia ni msafi. Angefurahi, lakini ugonjwa wenye jina ungempa cha kumwambia msimamizi. Daktari akamwandikia krimu ya ule ukavu, akamwambia kwamba homoni zikipungua ngozi ya huko nayo hukonda na kuwa nyepesi kuumia, kisha akamtuma chumba cha fiziotherapia.

"Kule kwa waliovunjika miguu?"

"Hukohuko," daktari akasema.

Chumba chenyewe kilikuwa na mpira mkubwa wa bluu, vyuma viwili vya kushikilia ambapo mzee mmoja alikuwa anajifunza upya kutembea, na nyuma kabisa kitanda chenye pazia. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, kucha zimekatwa fupi. Akamweleza atakachofanya kabla hajakifanya, akamwambia kwamba akisema basi, ni basi. Mama wa Juu alilala chali akitazama dari, mikono imeshika kingo za kitanda. Alikuwa amepanda vyuma virefu kuliko hospitali ile nzima bila kutikisika, na sasa magoti yalikuwa yanagongana mbele ya msichana aliyevaa glavu moja.

"Nikigusa hapa, mama?"

Aliruka nusura ashuke kitandani. Yalikuwa ni yaleyale maumivu ya kule juu kwenye kreni, yote, chini ya kidole kimoja.

"Pole. Sasa kaza, kama unayezuia mkojo."

Akakaza.

"Umeshakaza?"

"Nimekaza."

"Basi legeza."

"Nimelegeza."

Mtaalamu akagusa tena. "Mama, sijasikia tofauti. Hapo unapoita kulegea, bado umekaza. Nadhani hii misuli haijaachia siku nyingi sana."

Akamweleza taratibu. Chini ya nyonga kuna misuli inayobeba kibofu na kizazi na njia zote. Kwa wanawake wengi wa umri wake hulegea, na hao kweli hufundishwa kukaza, kwa hiyo jirani hakusema uongo, alisema tu habari za mtu mwingine. Ya kwake yeye imebana hadi imechoka, haina tena nguvu ya kukaza wala akili ya kuachia. Ndiyo inayouma. Ndiyo inayokipigia kibofu kelele kabla hakijajaa.

"Hiyo kreni yako," mtaalamu akauliza, akitafuta tu namna ya kumtuliza, "jioni ukimaliza unaifunga isicheze?"

"Nani amekufundisha hivyo?" Mama wa Juu alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu wa kazi. "Ukiifunga, asubuhi utaikuta imelala barabarani. Jioni breki inaachiwa, ule mkono mrefu ugeuke na upepo unavyotaka. Ukiushikilia, upepo utausukuma, utausukuma, mpaka..."

Hakumaliza. Mtaalamu naye hakumsaidia kumaliza, alimwekea tu mto chini ya magoti.

Kuelewa hakukumwondolea hofu hata kidogo. Kreni ikiachiwa haivuji. Yeye alikuwa na hakika, hakika ya mtu aliyebana maisha yake yote, kwamba siku atakayoachia kila kitu kitatoka, na aibu itatoka nacho.

"Nikilegeza itamwagika," alisema kwa sauti ndogo.

"Ikimwagika tutapangusa. Kitambaa ninacho."

Akaambiwa avute pumzi mpaka tumboni, mbavu zifunguke, kisha aitoe bila kuisukuma, na huko chini akuache kushuke kwenyewe. Ilimchukua muda mrefu. Alipoachia, ilikuwa kidogo sana, kama fundo linaloanza kusogea, na machozi yakamtoka bila kujua yanatokea wapi. Hakuna kilichomwagika.

Alipewa mazoezi ya nyumbani: kupumua hivyo akiwa amelala, magoti yameachana; kuchuchumaa akishika kitasa cha mlango; taya kuliacha wazi, kwa kuwa, alivyoambiwa, mtu anayeuma meno amebana na chini. Anywe maji. Na aende chooni kwa saa zake, asingoje kupigiwa kelele.

"Mimi kazini sishuki," alisema.

"Kwa nini?"

"Sijawahi."

"Hilo mama, mikono yangu haifiki," mtaalamu akasema.

Nyumbani alitandika mkeka chumbani. Mumewe akachungulia, akamkuta amelala chali, mdomo wazi, miguu imeachana kama chura.

"Unaumwa?"

"Napumua."

Mumewe akafikiri, akavua viatu, akalala kando yake, naye akapumua. Baada ya muda akawa anakoroma. Alipoamka, Mama wa Juu alimweleza yote, kuanzia chupa za wanaume mpaka nondo zilizomkosa mdogo wake. Fundi wa redio alisikiliza bila kukatiza. Kisha akasema, "Nilidhani umenichoka mimi," na akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe.

Miezi ikapita. Maumivu yalipungua, haja ikaanza kubisha hodi siku moja moja, na usiku alilala taya likiwa limelegea. Lakini huko juu alibaki yuleyule. Hakushuka. Kila mzigo ulipopita juu yake, Shemeji, ambaye alikuwa ameacha kutania, aliitazama ndoano kwa macho ya mtu anayejua.

Siku ya kumwaga zege la ghorofa ya mwisho, lori lilikuwa limeshafika na pipa lake linazunguka. Mama wa Juu alikuwa amekunywa maji asubuhi kama alivyoagizwa. Ndoo kubwa ya zege ilikuwa hewani, juu ya vichwa vya watu, haja ilipompanda.

Mwili ulikimbilia njia yake ya zamani. Alihisi tumbo likibana, kisha mabega, kisha mkono ukianza kufuata, na akajua kwa uhakika wa kutisha kitakachotokea. Shemeji alikuwa hapo chini, mkono umeinuliwa. Mama wa Juu akaachia taya. Akatoa pumzi. Akalegeza kule alikoapa kutolegeza mbele za watu, akiwa na tani nzima ya zege mkononi, na kitu kidogo kikamtoka, matone, akayahisi. Mkono ulitulia. Ndoo ikashuka taratibu, mafundi wakaimimina, ikarudi chini tupu.

Haja ilikuwa imesogea nyuma, lakini haikuondoka. Alibonyeza redio.

"Shemeji, usijaze. Nashuka."

"Kuna hitilafu?"

"Hakuna. Nakwenda chooni."

 Kisha ikaja sauti nzito ya msimamizi. "Mama wa Juu, rudia."

"Nakwenda kukojoa, mkuu."

Mtu mmoja alicheka, mwingine akamnyamazisha.

"Zege liko kwenye lori," msimamizi akasema. "Ndoo mbili tatu, kisha ni saa ya chakula."

"Najua."

"Ukishuka, nitatafuta mtu wa kukaa kwenye hicho kiti. Nasema mbele ya wote."

Alikitazama kiti. Ngozi yake ilikuwa imechanika mahali palepale panapokaa paja lake. Akishuka hapa, atakuwa nani huko chini? Mwanamke wa makamo mwenye kofia ya plastiki. Ndoo mbili tatu angeziweza. Pengine. Alitazama chini akamwona Shemeji amesimama palepale chini ya ndoano, kichwa juu, hasogei, na neno hilo, pengine, likamtia baridi mwili mzima.

"Toka hapo chini, shemeji," alisema, akazima kila cha kuzimwa, akaingia kwenye ngazi.

Alishuka akihesabu pumzi badala ya vipago vya ngazi. Uwanjani watu walikuwa wamesimama na sepeto zao, na alipita katikati yao. Choo kilikuwa cha mabati, nyuma ya stoo ya saruji, mlango wake unafungwa kwa waya. Akafunga waya. Akachuchumaa.

Hakuna kilichokuja.

Nje alisikia pipa la lori likizunguka. Alisikia msimamizi akimwuliza mtu fulani kwa simu kama anaweza kuja sasa hivi. Mwaka mzima mwili huu ulikuwa unamtishia kumwaga, na leo, ametupa kazi kwa ajili yake, umefunga kama duka siku ya msiba.  Akaanza kusukuma, akakumbuka kwamba hakuna kusukuma, akaanza kulia, akakumbuka kwamba kilio nacho kinabana.

Hatua zikasimama nje ya mabati.

"Shemeji," sauti ikasema.

"Usinisemeshe."

"Sikusemeshi. Nimesimama tu, mtu asije akagonga."

Akasimama kweli, na hakusema tena. Mama wa Juu akaweka mikono magotini. Aliacha taya lianguke. Alivuta pumzi mpaka tumboni, akaitoa, akaacha, akavuta, akaacha, na huko chini kitu kilichoshikwa tangu alipokuwa msichana kikasogea. Kikaja kijitone, kikakata. Kisha kikaja chote, kirefu, chenye kelele, mpaka aliyekuwa karibu na stoo lazima alisikia. Hakukikatisha. Alikaa mpaka tone la mwisho.

Alipotoka, msimamizi alikuwa amesimama chini ya kreni, mkono mmoja kwenye ngazi, simu imerudi mfukoni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Na alasiri nitashuka tena."

"Tena?"

"Na kesho pia. Ili nisije nikaua mtu."

Msimamizi alimtazama, akamtazama Shemeji, akalitazama lori. Aliondoa tu mkono wake kwenye ngazi. Mama wa Juu akaanza kupanda, na hakuna aliyemwambia kama kile kiti bado ni chake.